Watoto Wote Sufuri

Mwaka ule nilikuwa naandika uzito wa watoto katika kituo kidogo cha afya, kwenye vilima vya juu ya Ngungu. Kila juma niliingiza namba katika ordinateri, kompyuta ya kituo, na programu ya takwimu, ya lugha iitwayo R, ilinionyesha nani kaongezeka na nani kapungua. Aliyeiandika ni mwenzangu wa kazi. Vita vilipokaribia alikimbilia Walikale, simu yake ikanyamaza. Sisi wengine tulikimbia pia, na ordinateri yetu ilipotea njiani. Tuliporudi tuliandika uzito kwenye rejista tu; baada ya mwezi tukapewa ingine, nikaiwekea programu ileile kutoka kwenye flashi.

Juma la kwanza programu ilienda bila kulalamika, ikatoa sufuri. Watoto wote, sufuri.

Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni.

"Dada, huyu wangu iko anaongezeka ao hapana?"

"Mashini inanisumbua, mama. Urudi kesho."

Nikaanza kutafuta. R hubeba amri zake ndani ya paketi, na paketi mbili zinaweza kuwa na amri ya jina moja. Niliiuliza R amri inayoleta uzito wa juma lililopita inatoka wapi. Ikajibu: paketi ya msingi, inayokuja na R yenyewe; amri ya humo iliacha uzito wa juma hili mahali pake, ukajitoa wenyewe, ikabaki sufuri. Hapo nikakumbuka mwenzangu alikuwa akifungua paketi ingine kwa mkono kila asubuhi, mbele ya yote. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nikaomba orodha ya paketi zote zilizowekwa humo, nikaisoma mstari kwa mstari, mara mbili. Haikuwemo.

Kesho yake nilipanda kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu. Paketi ilianza kushuka, ikakatika. Nikaanza upya, ikakatika tena, hadi bateri ikaisha. Niliporudi kituoni waliniambia yule mama alikuja, akaningoja, akaondoka.

Siku ya tatu njo nilishika kalamu. Nilianza na mtoto wa yule mama. Hesabu yenyewe ilikuwa kutoa tu, haikuchukua hata dakika. Alikuwa amepungua majuma matatu mfululizo, na rejista ilikuwa mezani kwangu siku zote hizo.

Mama alipofika nilimwambia mtoto anahitaji hospitali, leo hii.

"Barabara imefungwa, dada. Nipitie wapi?"

Nilimwandikia karatasi ya kuonyesha hospitali. Akaikunja, akakaza kitenge kifuani, akashuka kwa njia ya mashamba ya viazi. Nilibaki mlangoni mpaka migomba ikamficha.

Hakurudi kwenye mzani wetu. Kila anayetoka upande ule namuuliza, na hakuna anayejua.