Mwanamke Aliyefufuka Jumamosi

Juzi, hotelini Kigoma, nilimwona mwigizaji mashuhuri wa Amerika, sasa bibi kizee, akisimulia kazi yake kwenye televisheni. Nilimtambua kwa kicheko.

Nilikuwa mtoto, na mama yangu alikuwa amezikwa karibuni. Katika ukumbi wa reli pale Albertville, mji wa kikoloni ng'ambo ya ziwa, ulionuka ndagala, yaani dagaa wakavu, na jasho, tulimwona mwanamke huyo akifa kwenye shuka la sinema. Akina mama walivua vitambaa vya kichwa, wakamlilia kama ndugu. Jumamosi iliyofuata, mchana, akatokea tena katika sinema nyingine, mzima, anacheka.

“Kumbe tulimulilia bure!” jirani mmoja akapiga kelele.

“Mama Mudogo,” nilimuuliza dada yake mama, “na mama atarudi leo?”

“Nyamaza, mutoto.”

Lakini macho yake yalikuwa yamegeukia mlangoni, kama yangu.