Kondoo Wasiokimbia

Mke wangu Oddny haogopi mbwa. Nimemwona akimpokonya mfupa mbwa mkali ambaye bwana wake alimleta akiwa amefungwa bandeji mkono mzima, na huku anampokonya ananiuliza kama nimezima jiko. Anachoogopa Oddny ni cheti. Kila anapotia sahihi huketi kwanza na kalamu mkononi, na mimi nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Amezaliwa bonde hilihili, kwenye shamba la kondoo. Alipokuwa na miaka tisa, mbwa wa mgeni wa kiangazi aliwafukuza kondoo thelathini na mmoja wa baba yake ukungani mpaka wakaporomoka kwenye genge la Storkampen. Oddny alishuka na baba yake kuwatazama. Wengine walikuwa bado hai. Baba yake alikuwa na kisu tu cha kuwamalizia, na kazi ilikuwa nyingi, ikabidi mtoto ashike vichwa. Hayo aliniambia mara moja, mwaka tuliooana, hajayarudia.

Mimi nilitoka mjini, najua kuendesha lori na kubishana. Nilimjengea mabanda kumi na manne, na watu wa hapa wakayaita Hoteli ya Kolbein, kwa jina langu, wakiuliza kama mbwa wanapewa na taulo. Mimi na binti yetu Ragnfrid tunalisha na kulaza mbwa wa watu waliosafiri. Oddny ndiye mwalimu wao. Hajui kufoka, anajua kusubiri tu, na mbwa aliyeshindikana kwa watu watatu utamkuta baada ya wiki amelalia viatu vya Oddny.

Kazi yake kubwa ni hiyo ya vyeti. Kondoo wa bonde hili hupanda mlimani mwezi wa sita na kushuka wa tisa, hawana mchungaji, wana kengele shingoni tu. Anayetaka kumwachia mbwa wake huko awinde ndege lazima awe na karatasi inayosema mbwa huyu hana habari na kondoo. Mbwa hufungwa mkanda wa umeme shingoni, akapelekwa kwenye kondoo, na anapowatolea macho ya tamaa hupigwa shoti ndogo. Yeye huamini ni kondoo aliyemuuma. Baadaye hujaribiwa tena, na akiwapita kama anavyopita jiwe, Oddny hutia sahihi.

Miaka yote tuliazima kondoo wa jirani yetu Arnkjell, ambao hata kunguru akitua hukurupuka. Mwaka huu Arnkjell aliwapandisha wiki mbili mapema, kabla majaribio hayajaanza. Oddny alitaka kufunga kazi ya vyeti mpaka mwakani. Ni mimi niliyesema, "Si tunao wetu watano hapo uani? Kondoo ni kondoo." Nilisema hivyo mdomo umejaa mkate, na nikajiona nina akili.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti, Mwalimu Sjur, mstaafu aliyewafundisha nusu ya bonde kusoma, alikuja kumchukua mbwa wake Tass, mbwa mchanga wa kuwindia, mweupe mwenye madoadoa. Oddny aliketi na kalamu yake, kisha akatia sahihi.

"Kesho asubuhi namwachia Storkampen," mwalimu alisema, karatasi inaingia mfuko wa shati. "Tuone kama ada ya shule imelipa."

Asubuhi tulikuwa mezani, mimi nakata jibini ya kahawia, Oddny kashika kikombe anatazama uani. Ragnfrid alifungua banda moja, na mtoto wa mbwa wa wageni akamponyoka, akachanja mbuga moja kwa moja hadi kwa wale kondoo watano. Alibweka puani mwa kondoo jike mkubwa. Kondoo akaendelea kutafuna.

"Kolbein," Oddny alisema. "Hao wamewahi kukimbia?"

"Wakimbie wapi? Tumewalea kwa chupa. Wanalala wameegemea waya wa mabanda."

"Sikuulizi wanalala wapi. Mwaka huu, mbele ya mbwa yeyote niliyemjaribu, wamewahi kukimbia?"

Nikafikiri. Nikaweka kisu cha jibini chini. "Hapana," nikasema.

Aliweka kikombe chini. "Basi mbwa hao sijawajaribu. Mbwa hashindwi kumpita kondoo aliyesimama. Kondoo akikimbia ndipo damu ya mbwa inapochemka."

Simu ya Mwalimu Sjur haikupatikana. Tulimwachia Ragnfrid mabanda, tukaingia garini. Njia nzima Oddny alishika filimbi yake ya mbwa kwa mikono miwili. Mimi nilisema maneno mengi, yote ya kijinga, kwamba pengine mwalimu amechelewa kulala, pengine goti linamsumbua. Nilikuwa naogopa, na ninapoogopa sinyamazi.

Gari la mwalimu tulilikuta barabara inapoishia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo.

Tulipanda kwa miguu. Hatukuona zaidi ya hatua ishirini, lakini tulisikia kengele. Kondoo wanaokula hupiga kengele moja hapa, moja kule, bila haraka. Kila tuliposikia hivyo nilipumua kidogo. Genge lilikuwa mkono wa kushoto, mahali fulani, nami sikujua tena ni karibu kiasi gani.

"Tumwite," nikasema.

"Ukipiga kelele utawashtua wewe mwenyewe. Tembea."

Ndipo kengele zote zikalia kwa pamoja.

Sijawahi kuogopa namna ile. Ilikuwa upande wa juu yetu na inakwenda kushoto. Oddny alikimbia, akajikwaa akaanguka kifudifudi, akainuka na damu kwenye kidevu na filimbi mdomoni, akapiga mlio mmoja mrefu, ule anaowafundisha mbwa walale chini papo hapo. Kengele hazikunyamaza. Akapiga tena. Mimi nilisimama kama mti, sioni kitu, nasikiliza kama zitaanza kukatika moja moja gengeni.

Kengele ziligeuza njia. Kondoo wakatokea ukungani wakatupita pande zote mbili, mmoja akanipiga goti, wakateremka kuelekea mabondeni. Nyuma yao hapakuwa na mbwa.

Tulimkuta Tass amelala kwenye majani mekundu, mwili wote unatetemeka, ulimi nje. Mwalimu Sjur alikuwa anamjia taratibu, anahema.

"Nilipiga chafya tu," alisema. "Chafya, jamani, wakatimka. Na huyu akawafuata. Nikajua basi, nimekwisha. Kisha filimbi ikalia akaanguka kama gunia." Alimtazama Oddny. "Umenifundishia mbwa. Lakini wewe umefuata nini huku?"

"Nimefuata karatasi yangu, mwalimu."

Alimweleza yote, bila kunitaja. Ilibidi nijitaje mwenyewe. Mwalimu aliitoa mfukoni karatasi, ilikuwa imelowa, akampa. Kisha akainama kumfunga Tass kamba.

"Usingekuja…" alianza, akaacha. Akauliza, "Ni mimi peke yangu niliyepewa karatasi hivi?"

Oddny alifuta kidevu. Nilijua jibu sekunde ileile alipolijua yeye, nikatamani asilitamke.

"Mwaka huu mko tisa," alisema. "Na huyu ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote."

Wanane walikuwa wamebaki, na hakuna hata mmoja mwenye Oddny na filimbi ya Oddny nyuma yake. Ilikuwa Jumamosi, wiki ya kwanza watu wanapowaachia mbwa. Kila mmoja alikuwa na sahihi ya mke wangu mfukoni, na wazo langu la mezani.

Tulipanda mpaka pale simu zinaposhika. Oddny alipiga, mimi nikamshikia orodha ya namba aliyoibeba ili ampigie mwalimu, upepo usiichukue. Wa kwanza alikuwa bado nyumbani anakunywa kahawa, akasema sawa, atamfunga. Wa pili alinuna lakini akakubali. Wa tatu, wa nne na wa tano walimshukuru. Nilianza kuzisikia tena pumzi zangu, hata nikamwambia mwalimu kwamba baada ya haya nitawapa wale kondoo watano wote talaka.

Wa sita alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Oddny," alisema, na sauti yake niliisikia hadi pale nilipokuwa. "Nilikuwa natafuta namba yako. Ni kuhusu kondoo."

Hakusalimia. Oddny alinitazama. Aliketi palepale kwenye majani yaliyolowa, akaisogeza simu sikioni.

"Niambie," alisema. "Nakusikiliza."