Siku Gody Alipoitikiwa na Vilima

Mdogo wangu Gody aliwahi kumng'oa mtu jino kwa ajili ya marehemu ambaye hajawahi kumwona. Nasema ukweli mtupu, na jino lenyewe nililiokota mimi pale Kabasa, kwenye mchanga wa mbele ya karakana yake, maana aliyeng'olewa alikuwa akilitafuta kwa kupapasa huku damu imemjaa mdomoni.

Aliyeng'olewa aliitwa Enoka. Msidhani walikuwa maadui. Enoka alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtoto wa wavuvi wa Majita aliyekuja Bunda mjini kujifunza kuchomelea vyuma, akamkuta Gody ameshafungua karakana, wakaungana. Walitengeneza mageti na madirisha, walikula sahani moja, na wote wawili walikuwa wanaupenda muziki wa roki kuliko walivyojipenda wenyewe. Huo muziki ndio uliokuwa unawatoa damu.

Mimi nauzaga samaki soko la Bunda, sato, sangara na ningu, na dagaa msimu ukikubali. Muziki ninaoujua ni wa kanisani na wa harusini. Huo wa kina Gody, kwangu mimi, ni mtu anapiga kelele kama amebanwa kidole na mlango. Aliuokota Butiama, alipokuwa anaishi kwa mjomba, kwa dereva mmoja wa lori la pamba aliyekuwa na kanda zake. Wakati huo Gody alikuwa anaongoza kwaya ya vijana parokiani, na sauti alikuwa nayo, hilo silifichi. Sasa Pasaka moja akaamua kumalizia Aleluya kwa staili ya roki. Mwalimu wa kwaya akamtwanga kofi hapo hapo mbele ya watu, Gody akamrudishia ngumi, na kwaya ikaishia hapo.

Ubishi wao ulikuwa mmoja tu, miaka yote: nani mkubwa kati ya watu waliowahi kusimama mbele ya bendi na kuimba. Kwa Gody hakukuwa na mjadala, ni Freddie Mercury. Kwanza kazaliwa Unguja, kwa hiyo ni wetu. Pili, alijua kuwashika watu. Gody alikuwa na video kwenye simu, huyo bwana yuko uwanjani Wembley, anarusha sauti peke yake, na uwanja mzima unamrudishia. Alinionyesha mpaka nikachoka. "Ona, dada, umati wote ule, hakuna hata mmoja anayemkatalia," alikuwa ananiambiaga, macho yamemlegea.

Enoka yeye alikuwa wa Bon Scott, wa ile bendi ya AC/DC. "Huyo wako anaimbia wakubwa," alikuwa anamwambia Gody. "Wangu anaimba kama fundi aliyeshika nondo ya moto."

"Wako amekufa zamani, bendi ikachukua mwingine na maisha yakaendelea," Gody akamjibu siku ile ya jino.

Enoka alikuwa na fimbo ya kuchomelea mkononi, ndiyo kwanza ameitoa kwenye chuma. Akambandika nayo Gody mkononi, nyama ikanuka. Gody akaokota kipande cha bomba, jino likatoka. Jioni niliwakuta wanakula ugali pamoja, mmoja anatafunia upande, mwingine anamega kwa mkono wa kushoto. Nikawatukana wote wawili, wakacheka. Na ole wako wewe wa pembeni uingilie: kuna mgeni alijichanganya pale stendi ya Musoma akawatajia mwimbaji wa tatu, wakamgeukia pamoja, yule kijana akaondoka na kiatu kimoja.

Basi kiangazi cha mwaka juzi mama yetu, Marcelina, akatuita nyumbani Mugeta tumtengenezee geti la zizi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umepamba moto. Majirani zetu waliibiwa, na katika kufukuzia nyayo, kijana wa mzee Eliasi, Dennis, alipigwa mshale wa shingo akafia porini. Mzee Eliasi ndiye kamanda wa sungusungu wa kitongoji. Tangu amzike mwanawe hakuna aliyemwona akiacha upinde wake, hata kisimani aliendaga nao.

Na kwetu kuna sheria ya yowe, kila mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Ukivamiwa unapiga yowe. Anayelisikia analipokea, naye analipeleka mbele, kilima hadi kilima, na kila mwanaume anatoka na silaha aliyonayo, anakimbilia lilikoanzia. Asiyetoka anahesabiwa ni mwenzao wezi. Na anayepiga yowe la uongo, kipigo cha mwizi kinakuwa chake.

Tulifika asubuhi mimi, Gody na Enoka, na jenereta na vyuma kwenye pikapu ya kukodi. Hapo Enoka alikuwa hajulikani na mtu. Alianza kuukata mnyororo wa zamani uliofunga zizi, ameinama na grenda, miwani myeusi machoni, kitambaa amejifunga puani kwa ajili ya cheche. Mimi niko jikoni na mama, napalia samaki moto. Nawasikia wameshaanza mambo yao.

"Wewe huna koo, Gody," Enoka anasema. "Nyie watu wa Freddie mnaimbia mdomoni. Nikiwasha hii grenda hapa, hata wewe mwenyewe hujisikii."

"Washa."

"Nawasha."

"Washa, bwana, nitakuimbia utanisikia na masikio yako yataomba msamaha."

Grenda ikawashwa. Nyuma ya zizi letu kuna jiwe kubwa, refu kupita nyumba. Gody akalipanda mpaka juu, akajaza kifua, akaachia. Jamani, mimi ni dada yake na nilishamsikia akiimba toka mdogo, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ndefu, inapanda, inazunguka, inapanda tena. Mama aliweka mwiko chini. Nikamwambia ni huyo mjinga wako, mama, anabishana. Nikaendelea na samaki.

Ndipo kutoka upande wa pili wa bonde, sauti ikajibu.

Niliacha samaki pale pale motoni. Halafu ikajibu nyingine, mbali zaidi, halafu nyingine. Na Gody, mtoto wa Mugeta, aliyenyonya huku akisikia yowe, unajua alifanya nini? Alifurahi. Aliniambia mwenyewe baadaye. Alidhani ni vijana wa machungani wanamwitikia, kama wale wa Wembley. Akanyoosha mkono mmoja juu, akaachia ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza, na vilima vyote vikamrudishia. Furaha ilimziba masikio. Alimpigia Enoka kelele ageuke aone anavyoitikiwa, na Enoka na grenda yake hakusikia kitu.

Nilitoka jikoni mbio. Wanaume walikuwa wameshatokea kwenye mahindi makavu, kumi, ishirini, sijui, mapanga, mikuki, marungu. Na wakaona nini? Yowe limetoka kwa mama Marcelina. Mtu wasiyemjua, amejifunika uso, anakata mnyororo wa zizi. Wewe ungeuliza swali gani hapo?

Rungu la kwanza lilimpata begani. Grenda ikamtoka, ikamwangukia pajani inazunguka bado, ikamfungua nyama mpaka ikanasa kwenye suruali na kuzimika. Aligeuka kutaka kusema, na kitambaa kiko mdomoni. Panga likampata upande wa kichwa. Alipoanguka wakamfunika, sikumwona tena, niliona mikono tu inapanda na kushuka, na nikasikia ile sauti ya kupiga mtu, ambayo naisikiaga mpaka leo nikiwa napasua sangara sokoni.

Niliwaingia. Nilimvuta mmoja shati, nikamwuma mwingine mkono. "Sio mwizi, ni fundi wetu, tumekuja naye," napiga kelele. Mtu akanigonga kiwiko usoni nikakaa chini. Mzee Eliasi akasimama mbele yangu, upinde begani, panga lina damu.

"Kama ni fundi, nani amepiga yowe?" akaniuliza.

Mama alikuwa ameshanifikia. Akanikamata mkono kwa kucha, akaniambia kwa lugha ya nyumbani, polepole, ninyamaze. Na mimi nilimwelewa. Nikimtaja Gody, kipigo kile kinahamia kwake. Nisipomtaja, kinaendelea pale pale. Sikupata hata nafasi ya kuchagua, maana Gody alikuwa ameshuka jiwe, magoti yamechubuka yote, anakuja anasukuma watu. Sauti ilikuwa imemkauka kwa yale makelele, ilitoka kama ya mzee.

"Ni mimi. Hakuna mwizi. Nilikuwa naimba."

Mikono ikasimama. Mzee Eliasi akamtazama.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Naimba, mzee."

"Nimemwacha mjukuu kisimani peke yake," mzee Eliasi akasema. "Mtoto wa Dennis. Nimekimbia nikijua ndio wale wale wamerudi. Wewe ulikuwa unaimba."

Akamchapa na ubapa wa panga usoni. Wengine wakafuata, kwa fimbo, kwa mateke, ndiyo sheria. Nilimwona Gody hajikingi. Kila akipigwa anaanguka upande wa Enoka, anatambaa, anapigwa tena, anatambaa, mpaka akamfikia na kumlalia juu. Hapo wakachoka, au wakaona aibu, sijui. Mzee mmoja akasema inatosha.

Tulimpakia Enoka kwenye pikapu ile ile, kichwa kwenye mapaja yangu, khanga zangu mbili zimelowa. Gody ameshika mguu wake, anaubana pale grenda ilipofungua. Alikata roho kabla hatujafika lami. Hakusema neno. Mkisikia watu Kabasa wanasema alisema hili au lile, ni waongo, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika.

Polisi walikuja Mugeta wakakuta wanaume wote wamekwenda kusikojulikana. Mzee Eliasi peke yake alibaki, walimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni kwake, akapanda gari mwenyewe. Gody naye walimweka ndani, wakamhoji, wakamwachia na mbavu zimevunjika. Alipotoka, Enoka ameshazikwa kwao. Ukoo wetu ulituma wazee Majita kwenda kuomba radhi, na wazee wakasema Gody asionekane huko mwaka huu wala ujao. Gody akasema anakwenda. Nilimtukana, nikalia, nikamwambia watakuua, na akaniambia sawa. Basi nikafuatana naye, ningefanyaje.

Kaka zake Enoka walikuwa ufukweni wanatandaza dagaa. Walimtambua kwa uso uliovimba, maana hawakuuliza jina. Mmoja akachukua kasia. Pigo la kwanza lilimpata kwenye mbavu zile zile, Gody akapiga magoti kwenye dagaa. La pili mgongoni. Mimi safari hii sikuwauma wala sikuwavuta, nilisimama tu na mikono kichwani, kwa sababu ningewaambia nini. Gody alikuwa anatema damu na kusema, "Nimekuja kumwona mama. Mkimaliza, nipelekeni kwa mama."

Mama yake Enoka alikuja mwenyewe. Debora anaitwa, mwembamba, amejifunga kaniki, amenyoa nywele. Akawaambia wanawe waache. Akakaa chini kwenye mchanga, mbele ya Gody, wakawa wanatazamana.

"Wewe ndiye Gody," akasema. "Alikuwa anakutajaga kila akija. Jino lake ulilitoa wewe."

"Ndiyo, mama."

"Wazee wenu walinieleza mambo ya yowe. Hawakunieleza mlikuwa mnabishania nini. Waliona aibu. Niambie wewe."

Gody akamwambia. Alimweleza yote kwa ile sauti yake iliyopasuka: Freddie ni nani, Bon Scott ni nani, Wembley ni wapi, grenda, jiwe. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza, kama anaelezwa ugonjwa uliomuua mtoto. Kaka zake Enoka walikuwa wamesimama nyuma, mmoja bado ameshika kasia.

"Na hao watu wawili, wako hai?"

"Hapana, mama. Walikufa kabla sisi hatujazaliwa."

Debora akauliza, "Sasa kati yenu, nani alikuwa anasema kweli?"

Nilimtazama mdogo wangu. Nilimjua. Alichomwa na chuma cha moto kwa neno hilo, alifukuzwa kwaya kwa ajili ya muziki huo, hakuna binadamu aliyewahi kumtoa hapo. Akainamisha kichwa.

"Enoka, mama. Enoka ndiye aliyekuwa anasema kweli."

Nilidhani atafarijika. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, nikasema moyoni, leo mdogo wangu amekua. Lakini Debora aliendelea kumtazama tu.

"Ulijua hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ulipanda juu ya jiwe kufanya nini?"

Gody akawa anaokota dagaa waliopondeka chini ya magoti yake. Mama yule akasubiri. Alisubiri kweli, amekaa pale kwenye mchanga, anataka kujibiwa. Na mimi ambaye mdomo wangu haunaga breki, nilitafuta neno moja la kumsaidia mdogo wangu, sikulipata.