Viti Kumi na Kimoja vya Tai

Enoch alipofika nyumbani kwa Mzee Dumo, nje kidogo ya mji wa Koboko, viti kumi na kimoja vya plastiki vilikuwa vimekwisha kupangwa upande wa kulia wa turubai, na vyote vilikuwa vitupu. Alikaa kwenye kile cha mwanzo, akaweka mfuko wake katikati ya miguu, akasubiri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakimlilia Ruffin, aliyekuwa ndani ya jeneza tangu jana yake.

Viti vile vilikuwa vya ndugu wa marehemu. Katika ukoo wa Dumo, mume wa binti yao akifa hazikwi mpaka watu wake waje, wakae mahali pao, wajibu wanapoulizwa, kisha wachimbe kaburi kwa mikono yao. Upande wa mke haupigi sururu. Asiyekuwa na watu hupelekwa makaburi ya mji, nyuma ya machinjio, akazikwe na vibarua. Mindra, mjane wa Ruffin, ambaye Dumo alikuwa baba yake mdogo, aliomba jambo moja tu: mume wake alale kando ya mtoto wao wa kwanza, hapo hapo nyumbani. Enoch alikuwa amemwahidi kwa simu kwamba itakuwa hivyo. Alimwambia Tai watakuja wote.

Maana Ruffin hakuwa na ndugu mwingine. Alivuka mpaka kutoka Kongo wakati wa vita, kijana wa miaka kumi na tisa, viatu vya kuchezea mpira vimening'inia shingoni, na wa kwao hakuna aliyepatikana tena. Ndugu zake walikuwa Tai FC, timu ya mpira aliyoichezea.

Leo ukitaja Tai kwa kijana wa Arua, anakuuliza ni kampuni ya basi au ni kanisa. Anajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya, hata wale wa akiba, na hajui kwamba mji wake uliwahi kupanda ligi ya kwanza na kukaa huko misimu sita. Klabu ilianzishwa na mafundi cherehani wa Koboko, ikahamia Arua ilipokua, ikawa na mishahara na basi lake. Siku ya mechi mitaa ya Ediofe na Mvara yote ilimiminika uwanjani kwa miguu. Enoch hakuwahi kuupiga mpira hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa mistari. Kwa miaka ishirini na minne alifika uwanjani kabla ya jua, na kamba yake, vigingi vyake vinne na ndoo ya chokaa, akapima kila kona mpaka ikanyooka. Waamuzi kutoka Kampala walikuwa wakisimama tu kuangalia.

Ruffin alipotaka kumwoa Mindra, wazee wa ukoo waliuliza watu wake ni akina nani. Kocha hakubishana nao. Jumapili iliyofuata alileta timu nzima, wamevaa suruali nyeusi na mashati meupe, wakakaa kwenye benchi moja refu. Ng'ombe walitembezwa kutoka Arua siku mbili. Enoch, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mvi, aliwekwa kiti cha baba. Wazee walicheka mpaka machozi, kwamba huyu bwana harusi ana ndugu kumi wa umri mmoja na wote wana mama tofauti. Lakini wazee waliwapokea ng'ombe hao, na tangu siku ile neno lilikuwa limekwisha: Tai ndio watu wa Ruffin. Mtoto wa kwanza alipofariki kwa malaria, timu iliacha mazoezi, ikapanda basi, ikaja kuchimba ikiwa bado na jezi. Hakuna aliyeitwa mara mbili.

Klabu yenyewe ilikufa bila matanga. Mwenyekiti aliuza nafasi ya ligi kwa tajiri wa upande mwingine wa nchi, na wachezaji wakasoma habari hiyo gazetini. Uwanja sasa ni yadi ya mchanga na nondo. Enoch alikwenda mara moja kuangalia, akakuta lori limeegeshwa pale penye duara la katikati, akarudi kwake Awindiri. Hajapita njia ile tena.

Ruffin alipokufa kwa presha, Enoch alifanya kama ilivyofanywa siku zote. Alikwenda redioni akatoa tangazo, jioni na asubuhi: wote wa Tai, wa Arua na wa Koboko, mwenzenu amelala, mje na sururu. Zamani tangazo moja lilitosha. Hakufikiria kwamba watu wale hawasikilizi tena redio. Walikuwa na kundi lao la simu, ambalo yeye na simu yake ya vitufe hakuwamo, na humo walikuwa wamekwisha kuamua mambo yao.

Jua lilifika utosini. Wazee wa ukoo, waliokaa upande wa kushoto, walianza kumtazama, kisha wakaanza kutazama viti. Dumo, mrefu, mkavu, na kofia yake ya sufi hata kwenye joto, alivuka na kumsimamia mbele.

"Mkwe, timu yako bado iko inavaa viatu?"

"Watakuja."

"Najua. Tai zamani ilikuwa inasawazisha dakika ya mwisho. Lakini maiti haina dakika ya nyongeza."

Watu wakacheka kidogo, na Enoch naye akatabasamu, kwa sababu mkwe akikutania hukasiriki. 

Saa nane pikipiki iliingia. Alikuwa Anguzu, aliyekuwa golikipa, sasa ni mtu wa bodaboda mwenye goti moja lisilokunjika. Enoch aliinuka akatazama barabara nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Anguzu alitoa bahasha ndani ya koti, akasema imetoka kwa Zéphyrin, yule winga ambaye sasa anauza simu mjini. Wamechanga wote, kila mmoja ametuma, wanampa pole mjane, kazi zimewabana. Aliyasema hayo akitazama chini, kama mtu aliyefungwa goli la kizembe.

Dumo aliichukua bahasha, lakini hakuitia mfukoni. Aliiweka kwenye kiti cha tatu, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Hii ilikuwa inacheza namba ngapi?" aliuliza. Safari hii hakuna aliyecheka. "Mkwe, mimi sina ubaya na Ruffin. Alikuwa mtoto mzuri. Lakini watu wake ni nyinyi wawili. Basi chimbeni wawili. Jua likizama na shimo halijatosha, gari itamupeleka mjini."

Anguzu alizima pikipiki, akavua koti.

Enoch alifungua mfuko. Hakuwa ameleta sururu. Aliona wenye nguvu wataleta. Alikuwa ameleta kamba yake, vigingi vinne na chokaa kidogo. Alipiga kigingi cha kwanza kando ya kaburi dogo la mtoto, akavuta kamba, akapima pembe, akarudia, akamwaga chokaa kidogo kidogo kwenye mstari. Wazee walisogea kuangalia. Mmoja alinong'ona kwamba hajawahi kuona kaburi lililonyooka namna ile kabla halijachimbwa. Kisha wakawaazima sururu na sepetu, na wakaenda kukaa.

Ardhi ya pale juu ni nyekundu na laini, kisha inakuja kokoto. Walifika kwenye kokoto saa kumi. Anguzu alichimba akiwa amenyoosha mguu mmoja pembeni. Enoch, miaka sabini na mitatu, alitupa udongo nje, na kila mara sehemu yake ilirudi ndani. Vijana sita wa nyumba ile walisimama wakitazama, mikono nyuma, na hilo halikuwa kosa lao. Ndivyo walivyofundishwa, na Enoch aliwaheshimu kwa hilo hata pale pumzi ilipomkatika. Saa kumi na moja shimo lilikuwa limefika kiunoni tu. Alikaa ukingoni. Hakuweza kusimama tena.

Hapo ndipo Mindra alipotoka ndani. Alikuwa peku, khanga imefungwa kiunoni. Alipita mbele ya wazee wa kwao, akafika upande wa kulia, akakaa kwenye kiti cha nne. Alikaa hapo kidogo, kama anayetaka kila mtu amwone. Kisha akainuka akashika sepetu.

Dumo alimwita kwa jina, akamwambia kazi ile si ya mwanamke, wala si ya upande wao.

"Baba, upande wenu ni upi?" alisema Mindra, bila kupaza sauti. "Ng'ombe ya Tai mulikula. Mulinipa kwa Tai. Mimi niko mutu ya Tai."

Akashuka shimoni.

 Ng'ombe wale Dumo aliwapokea yeye mwenyewe, na kamba ya wa kwanza aliishika kwa mkono wake. Alikwenda kukaa, akavua kofia akaiweka gotini, na tangu hapo hakutazama jua. Lilipozama walikuwa bado wanachimba, na hakuna aliyeita gari. Ruffin alishushwa kwa mwanga wa mwisho. Dumo aliposimama kuuliza, kama desturi, nani mwenye maiti huyu, zilijibu sauti tatu: ya mzee, ya kiwete, na ya mjane.

Vijana walikusanya viti kuvirudisha. Vitatu vilikuwa na udongo mwekundu. Kimoja kilikuwa na bahasha, ambayo Mindra aliichukua kwa sababu alikuwa na watoto wawili wa kulea ndani ya nyumba. Saba vilikuwa safi.

Njiani kurudi Arua, nyuma ya pikipiki, Enoch alisikia simu ya Anguzu ikilia na kulia mfukoni. Walipopumzika kando ya barabara alimwomba amsomee. Anguzu alisoma: Tai hoyee. Tumesimama na mwenzetu. Umoja ni nguvu. Zéphyrin alikuwa ameweka picha ya zamani, timu nzima imechuchumaa kwenye nyasi, na nyuma yao mstari mweupe, umenyooka.

Enoch aliitazama picha mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Kuna aliyeuliza tumemlaza wapi?"

Anguzu aliiwasha tena simu, akapandisha kwa kidole, akapandisha.

"Hapana, mzee," alisema.

Enoch alijifunga kamba yake kiunoni isije ikadondoka, akapanda.