Kidole Gumba cha Mama

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nimezaliwa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale hapa kisiwani, nimelelewa Kuze, na katika nyumba yetu kuogopa ilikuwa kazi yangu kama kupika ilivyokuwa kazi ya mama. Mlango ukigongwa mara tatu mfululizo, huzima taa kabla sijauliza ni nani.

Sababu nazo hazikukosekana. Babu zetu walipoulizwa kama kisiwa hiki kiingie Shirikisho pamoja na bara, walisema hapana, na sisi tumekulia ndani ya hiyo hapana. Tuna bendera yetu, stempu zetu, na serikali inayoenea kwenye jengo moja. Maji hutoka ng'ambo. Kila Shirikisho likikasirika mifereji hukauka siku mbili tatu, na sisi wa Mji wa Kale hurudi kwenye visima vya misikiti na ndoo zetu, tukijifanya tumetoka kutembeleana. Kisauni, ambako mtu hufika kwa miguu akivuka daraja la Nyali, ni nchi nyingine.

Mdogo wangu aliolewa huko Kisauni, enzi ambazo daraja lilivukwa kwa salamu tu. Mimba mbili zilimharibikia. Ya tatu ilipoingia mwezi wa saba, Shirikisho lilitangaza kwamba mwisho wa mwezi ule daraja lingefungwa kwa watu wa kisiwani, isipokuwa mzazi mwenye mwana ng'ambo. Mzazi huyo aende mwenyewe kwenye kibanda cha darajani akapewe pasi, na atakayechelewa, basi tena. Ndugu hawakutajwa. Kwa hivyo katika nyumba nzima, mwenye haki ya kwenda kumshika mdogo wangu mkono alikuwa mama peke yake, na mama alikuwa ndani ya eda.

Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kwetu hukaliwa kwa ukali wa kujivunia. Marehemu bibi, alipokuwa eda, aliumwa na jino hadi shavu likafura, na nje hakutoka. Mng'oa meno ndiye aliyeletwa nyumbani, pazia likatobolewa, bibi akatoa mdomo tu. Hadithi hiyo tumesimuliwa tangu utotoni. Mama naye alikuwa hachungulii hata dirishani. Hana wanja, hana hina, hajifukizi udi, ameketi chumbani na tasbihi yake. Buibui lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limenyooshwa vizuri, na wala sikujiuliza mtu asiyetoka amelinyoosha la nini. Nilimtazama nikajua jibu lake, au nilijiambia nalijua.

Siku ya mwisho, mama aliposimama kusali Dhuha, niliuvuta mkoba wa baba chini ya godoro nikatoa kitambulisho cha mama. Nikavaa buibui lile na ninja yake ya kufunika uso. Mama alinizaa akiwa na miaka kumi na sita, na uso wangu umezeeka mapema kwa wasiwasi, kwa hivyo tofauti yetu si kubwa kama inavyopaswa. Nikigunduliwa, mimi ningefungwa, jina la mama lingefutwa, na mdogo wangu angeitwa kuhojiwa akiwa na tumbo lake. Yote hayo niliyajua nikiwa ndani ya tuktuk. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokiogopa zaidi, nacho ni simu ya kuniambia kwamba mimba ya tatu nayo imekwenda, na mdogo wangu alikuwa peke yake.

Kwenye foleni, katikati ya daraja, niliiona mikono yangu.

Siku mbili kabla yake kulikuwa na harusi ya jirani, na nilichovya vidole vyote kumi kwenye hina kama wenzangu. Ilikuwa imekolea hasa. Mjane wa miezi miwili, na hina mpya vidoleni! Nilikumbuka buibui, nilikumbuka kitambulisho, nilikumbuka hata kuinamisha mgongo, na mikono nikaisahau. Mtu wa bara asingeona kitu. Lakini katika kibanda cha wanawake Shirikisho lilikuwa limemweka mwanamke wa Kisauni, mtu wa mila zetu, ambaye angejua kwa kutupa jicho moja. Nilitaka kurudi, ila kutoka kwenye foleni mbele ya askari kungekuwa sawa na kukiri, basi nikaificha mikono ndani ya buibui nikasogea kila waliposogea.

Ndani palikuwa na yule mwanamke, meza na kidau cha wino. Mlangoni, akiwa ametugeuzia mgongo, alisimama mkubwa wake.

"Asalaam aleikum, mama. Mume yu hai?"

"Amefariki. Niko eda."

"Mungu amrehemu. Leta mkono."

Hatukuwa tumeambiwa kuna alama za vidole. Niliutoa mkono. Akautazama, akanitazama usoni nilipofunua ninja, akatazama kitambulisho, kisha akairudia hina. Nilianza kusoma shahada moyoni, kwa kweli, kama mtu anayekata roho.

"Eda tangu lini?" aliuliza polepole.

"Miezi miwili."

Mkubwa akageuka. "Kuna tatizo?"

"Hapana," alisema yule mwanamke, na papo hapo akavikandamiza vidole vyangu kwenye wino kimoja baada ya kingine, akanipaka mpaka kwenye kucha, kisha mkono wa pili vilevile, ingawa karatasi ilitaka kidole gumba kimoja tu. Hina yote ikazama. "Mama huyu mkono watetema, wino umemwagika," alimwambia mkubwa wake. Akakishika kidole gumba changu akakibana juu ya pasi yenye jina la mama. Hakunitazama tena.

Nilirudi Kuze machozi yakinitoka kwa furaha ya kuwa hai. Kibanda kilifungwa alasiri hiyohiyo.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mkoba wa baba mapajani.

"Ulikwenda wapi na buibui langu?"

Nilimpa pasi. Aliisoma, akaigeuza, akaitazama mikono yangu myeusi.

"Kidole hiki cha nani?"

"Changu, mama. Uko eda. Nilijua hutatoka."

"Nani alokwambia sitoki?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Maalim alinambia tangu wiki ya kwanza, mwenye haja hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Wiki nzima buibui nimelinyoosha, nangoja unambie siku ya kwenda darajani ni ipi. Ungeniuliza, mwanangu."

Nililivua buibui lake nikalitundika palepale nyuma ya mlango.

Kila nikivuka, askari hukilinganisha kidole na pasi kwa kioo cha kukuzia, na kila mara hulingana. Cha mama kisingelingana. Kuusema ukweli ni jela yangu, na mdogo wangu kupoteza mtu pekee anayemfikia. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na mkono nilimshika mimi. Eda iliisha. Mama akaogeshwa, akafukizwa udi, akawa huru kwenda popote isipokuwa pale alipotaka.

Mtoto sasa ana miaka miwili na anasema kila anachokiona. Huletwa darajani kunipokea, na askari hupenda kumchekesha wakimwuliza amekuja kumlaki nani. Kwa hivyo tumemfundisha aniite bibi, nyumbani pia, asije akateleza.

Wiki iliyopita nilikuwa Kisauni, nimempakata, tukampigia mama simu ya video. Mama alikuwa amejifunga leso mpya. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Mimi ni nani?" akamwuliza. "Sema. Mimi ni bibi yako."

Mtoto alicheka, akageuka akanigusa kidevu. "Bibi huyu."

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ndiye huyo, mwanangu," alimwambia. "Bibi yako ndiye huyo. Usimwite jina jengine."

Kisha akauliza kama mtoto amekula.