Chaki Kwenye Sketi

Wenzake katika duka lile la nguo walimwita Mama Sindano. Wateja hawakumwita chochote, maana hawakumwona. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye chumba cha nyuma na cherehani yake. Zamani aliuza mbele, tena kwa ulimi wa kumnunulisha koti hata aliyekuja kuulizia soksi. Alipojifungua akanenepa, meneja akamwambia mwili wake hauendani na duka. Kana kwamba shati huuzwa kwa kiuno cha muuzaji!

Kazi yake ikawa kubana sare za wasichana wa mbele. Meneja akiagiza sketi ikatwe, yeye hakukata. Alikunja kitambaa kwa ndani, akashona, ili siku moja pindo liweze kufumuliwa. Alijidanganya kwamba huko nako ni kuwatetea.

Kisha akamwombea kazi pale binti wa mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Wiki ya pili binti akaingia chumba cha nyuma, sketi mkononi, macho mekundu.

"Mama Mkubwa, meneja anasema uipandishe mpaka kwenye alama."

Alama ilikuwa ya chaki, juu kabisa, imepinda.

"Nani kaichora?"

"Yeye mwenyewe, ofisini, kafunga mlango. Nilikuwa nimeivaa. Kasema nikikataa, kesho nisije."

Mama Sindano alimkasirikia mwanamume yule asiye na haya, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa kila sketi aliyoipandisha huku akijua fika anayefurahishwa ni nani.

Kesho yake alifika kabla ya wote. Sare tisa zilikuwa zimetundikwa chumbani mwake. Akashika wembe, akafumua pindo moja moja, akapiga pasi. Duka lilipofunguliwa, wasichana tisa walisimama mbele wamefunikwa magoti.

Meneja akaja mbio chumba cha nyuma. "Umerukwa na akili? Nani kakutuma?"

Mama Sindano akachukua chaki, akampita, akaenda kusimama katikati ya duka. Meneja akamfuata huku akifoka.

"Haya, bosi," akasema kwa sauti, akimnyooshea chaki. "Jana ulimchorea mwanangu mapajani, mlango umefungwa. Leo nichoree mimi, hapa hapa, watu waone."

Mama mmoja aliyekuwa akijaribu koti akalivua, akaliweka kaunta.

"Kumchorea vipi?" akamuuliza meneja.

Meneja akaitazama chaki, akarudi nyuma hatua moja.