Samaki wa Saa Kumi

Krrrrrr. Ndivyo mshipi ulivyolia ukitoka kwenye kigurudumu cha ufito wa yule mzungu wa televisheni. Hadi leo nikikanyaga cherehani na uzi ukakimbia, mkono wangu husimama, masikio yakangoja samaki.

Televisheni ilikuwa ya baba yangu, Nassoro, fundi wa nguo hapa Makiso, katikati ya Kisangani. Aliinunua pamoja na parabole, dishi la paani, kabla ya uasi, na vita vilipofunga mto, mashua zisipande wala zisishuke, watu wa mtaa walikuja kwetu kuitazama dunia. Kila Jumamosi, saa kumi ya alasiri, dunia hiyo ilikuwa maji: mzungu mwenye kofia ya majani amesimama ziwani hadi magotini, anavua.

Hakuna aliyempenda kuliko Papa Édouard. Alikuwa mtu wa Isangi, mji wa mtoni, amevua huko tangu utoto mpaka mvi. Askari walipoanza kuchukua mitumbwi alikuja Kisangani na mkewe, Mama Agathe, na sasa aliziba matairi ya toleka, baiskeli zinazobeba abiria, kwenye kona yetu. Siku sita mikono yake ilinuka gundi. Jumamosi aliinawa kwa limau, akavaa shati la kanisani, akaja na kigoda chake mwenyewe na kukiweka mbele kabisa. Alikikalia taratibu, kama mtu anayeingia mtumbwini.

Alikuja na sheria pia. Kwao, mshipi ukishtuka, hakuna anayesema neno mpaka samaki alale ndani ya mtumbwi. Samaki anasikia.

"Papa Édouard," alisema Désiré, mwendesha toleka mwenye mdomo, "huyu samaki iko Ulaya. Atanisikia namna gani?" Na mshipi ulipokazika, akapiga kelele makusudi: "Iko mukubwa!"

Mshipi ukakatika papo hapo. Mzungu akabaki ameshika hewa. Papa Édouard aligeuka, akamtazama Désiré kwa muda mrefu, akarudisha uso wake kwenye kioo. Tangu siku hiyo, kigurudumu kikianza kulia, chumba kizima kilinyamaza. Hata wachanga walinyonyeshwa haraka haraka.

Nimejiuliza sana raha yenyewe ilikuwa nini. Barabarani kulikuwa na askari, redioni kulikuwa na habari tusizotaka, sisi wote tulikuwa watu wa kungoja. Lakini kwenye kioo kile alikuwepo mtu anayengoja bila hofu, na alichokingoja kilikuwa kizuri, kinang'aa, kina mapezi. Tulingoja naye, na mioyo ikapumzika.

Halafu kulikuwa na kichekesho cha mwisho. Mzungu alimbusu samaki wake, akamrudisha majini.

"Amemuachilia!"

"Tena? Mawa, huruma gani!"

"Na bibi yake atapika nini?" aliuliza Mama Agathe, mikono kichwani.

Papa Édouard ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. "Huyu hana njaa, hana bibi, hana akili."

Kisha mashindano ya mpira yakakaribia, na mechi zilipangwa Jumamosi, saa kumi ileile. Désiré alikuja na wenzake.

"Papa Nassoro, sisi tuko wengi. Samaki tumemuona ya kutosha."

Baba hakupenda ugomvi. "Bon. Leo mutaangalia samaki. Akiisha, watu watanyoosha mikono. Kama mupira inashinda, saa kumi iko ya mupira."

Papa Édouard alikishika kigoda chake kwa mikono miwili. Mama Agathe akaniinamia sikioni: "Mwanangu, siku sita yeye iko kimya kama ukuta. Wakimunyang'anya hii saa, sijui nitakaa na mutu gani mu nyumba."

Siku hiyo samaki alichelewa. Vijana walikuwa wanapiga miayo ya makusudi, ndipo mshipi ulipolia. Krrrrrr. Kimya. Ufito ukapinda kama upinde. Na hapo hapo umeme wa bwawa la Tshopo ukaondoka, kioo kikawa cheusi.

Désiré alisimama. "Alors, mupira imeshinda."

"Ikala chini," alisema Papa Édouard. "Samaki hajatoka."

Alikuwa bado anakitazama kioo. Mikono yake iliinuka na kushika mshipi ambao haukuwepo.

"Anatafuta mizizi ya kujifichia," alisema, na sauti yake sikuijua. "Tumuache aende. Akichoka atarudi mwenyewe."

Sijui ziwa la mzungu lilitoweka wakati gani. Nilichoona mimi ni maji ya kahawia na magugu yanayoelea, na moshi wa wanawake wanaokausha samaki ukingoni Isangi. Samaki naye alibadilika. Sasa alikuwa mbenga, mwenye meno kama ya mbwa, anavuta mtumbwi mzima. Papa Édouard alivuta, akalegeza, akavuta, shati la kanisani limelowa mgongoni.

"Papa, mulegeze kidogo!" alinong'ona Désiré.

"Sss!" chumba kizima kikamkemea, naye akaketi sakafuni.

"Anapanda. Muangalie mugongo yake."

Watu wote wakanyoosha shingo kukitazama kioo cheusi.

Umeme ukarudi. Mzungu alikuwa ameinama na kofia yake, anatabasamu, samaki wake anaondoka zake. Hakuna aliyemjali.

"Muzime!" alilia Désiré. "Muzime hiyo kitu! Papa, na ule wako? Ulimutoa?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Baba alizima televisheni, akauliza mikono iko wapi. Haukunyooshwa hata mmoja. "Aa, mupira tutasikia kwa redio," alisema Désiré, na wenzake wakampiga kofi la mgongo.

Walitoka wakibishania ukubwa wa yule mbenga, Désiré akitanua mikono mpaka akamgonga Mama Agathe, aliyecheka hadi akaegemea mlango. Papa Édouard alibaki nyuma akifuta kigoda chake. Nilikuwa nafunga madirisha.

"Kweli, Papa," nikamuuliza, "ulimutoa?"

"Nilimutoa. Asubuhi ya mwisho kule Isangi, mizigo imekwisha kufungwa."

"Mulimukula na nini?"

Alitazama mlangoni alikosimama mkewe. Kisha akainamisha kichwa, akashusha sauti kama mtu ambaye mshipi wake umeshtuka.

"Nilimurudisha mu maji," alisema. "Nilitaka kitu kimoja kibaki kule, kinisubiri."